Thanksgiving ya mwisho Sundbyberg: tulimpikia kila kitu mtu asiyeweza kumeza

Wakuu, salaam kwenu popote mlipo.

Kuna uzi humu watu wanabishana vyakula gani vinafaa Thanksgiving, na wengine wanauliza Mbongo anasherehekea sikukuu ya Wamarekani ili iweje. Nilianza kuandika comment fupi tu kuhusu bata mzinga. Nikajikuta naandika mengine kabisa, nikaona bora yakae peke yake.

Hii siyo chai ya kutunga. Nimebadilisha majina tu, maana wengine bado wapo hai na wanapita humu.

Nipo Stockholm, upande wa Tumba, miaka mingi sasa. Kazi yangu ni kuhudumia wazee majumbani mwao.

Rafiki yangu mkubwa huku ni Gasper, Mchaga wa Rombo, tulikuja wote kusoma. Alioa Mkenya, Mmeru, ambaye alisoma Marekani kabla ya kuhamia Sweden. Binti yao mmoja tu anaitwa Makena, kwa hiyo mama tukamzoea kama Mama Makena. Mimi namwita shemeji.

Shemeji ndiye aliyetuletea Thanksgiving.

Alisema Marekani alipokuwa mwanafunzi hana ndugu, familia moja ilimwita mezani, na tangu hapo aliapa mwezi wa kumi na moja hautapita bila kuita watu. Na kweli, ukiishi huku utaelewa. Novemba ya Stockholm ni mwezi mbaya. Theluji bado, majani yameisha, saa tisa alasiri giza. Mtu akikuita mezani unakwenda mbio.

Wamarekani wanaifanya Alhamisi, ila huku ni siku ya kazi, so tulikuwa tunafanya Jumamosi, kwao Sundbyberg, pembeni ya Stockholm.

Sasa vyakula, maana najua ndicho kilichowaleta.

Bata mzinga anauzwa ameganda kama jiwe. Shemeji alikuwa anamloweka kwenye ndoo ya maji ya chumvi, sukari kidogo, maganda ya machungwa na pilipili manga, halafu ndoo inakaa balcony. Baridi ya nje ndiyo friji. Kesho yake unamkausha vizuri, unapenyeza vidole chini ya ngozi taratibu isichanike, unapaka siagi iliyopondwa na kitunguu saumu, tangawizi na ndimu. Ukiruka hapo utakula pamba.

Mimi kazi yangu ilikuwa pilau na ndizi mzuzu za nazi. Sukuma wiki tunatumia grönkål, majani magumu ambayo Waswidi wanayala Krismasi, ukiyakata membamba na kuyakaanga na nyanya huwezi kujua uko wapi. Zawadi, dada wa Kikongo kutoka Bukavu, jirani yao wa ghorofa ya juu, analeta sombe, yaani kisamvu. Badala ya zile cranberry za Wamarekani tunaweka jamu ya lingon, matunda madogo mekundu ya porini huku. Na shemeji anamalizia na pie ya boga.

Usicheke pilau na bata mzinga. Jaribu kwanza.

Basi. Mwaka juzi, kiangazi kikiwa kinaisha, shemeji akaanza kusema chakula kinamkwama. Akawa anasukuma kwa maji. Baadaye maji nayo yakawa yanarudi.

Kansa ya koo la chakula, na ilikuwa imeshatembea.

Wakamwekea mrija tumboni. Chakula chake kikawa maziwa mazito ya hospitali, yanaingia kwa mashine ndogo kando ya kitanda. Nesi anakuja nyumbani, anapima, anabadilisha, anaondoka. Mdomoni hakipiti kitu zaidi ya kulowesha ulimi.

Mimi kazi yangu inanikutanisha na mambo hayo kila wiki. Nilijua tunaelekea wapi. Gasper hakutaka kujua.

Siku moja nikaenda kuwaona. Nikapiga kengele, shemeji akaniambia kwenye spika ya mlango wa chini, kwa sauti ya kukwaruza, kwamba Gasper yuko chini anafua. Nikashuka kumsalimia kwenye chumba cha kufulia cha jengo.

Hakuna nguo hata moja iliyokuwa inafuliwa.

Gasper alikuwa amesimama katikati ya mashine, ana mkate mkononi na kopo la samaki juu ya drier. Anakula haraka haraka kama mwizi. Aliponiona akafuta mdomo kwa mkono wa shati.

Nikamuuliza, "Kaka, vipi tena? Unakula huku?"

"Nitakaangaje kitunguu na yeye amelala pale? Harufu ile atavumiliaje?"

"Na mtoto je?"

"Anakula shule. Jioni sijui. Ananunua vitu pale stesheni."

Alikuwa amekonda kuliko mgonjwa. Jamaa aliyekuwa na shingo ya mbeba mizigo, kola ilikuwa inaelea.

Nilipopanda juu nikagundua kitu ambacho sikuwa nimekiona. Jiko lile lilikuwa safi mno. Sufuria zimefungiwa kabatini. Nyumba ile, iliyokuwa inanukia iliki mpaka kwenye lifti, ilikuwa inanuka dawa ya kusafishia mikono.

Shemeji alikuwa ananiangalia. Akasema, "Shemeji, umeona?"

Nikajifanya sielewi.

"Hawa watu wamenizika na bado ninapumua. Hakuna mtu anakula hapa. Wanafikiria mimi sijui. Gasper akirudi kutoka huko chini ananuka samaki."

Kisha akaniambia anataka Thanksgiving. Si chai na biskuti. Anataka bata mzinga, pilau, sombe, kila kitu, na ipikwe pale pale jikoni kwake.

Nikamwambia, "Shemeji, utaumia."

"Kuumia naumia tayari. Nyinyi pikeni."

Wakuu, nilirudi Tumba kwenye treni nikiwa sijui nifanye nini. Nilimpigia Zawadi, yeye hakusita. Alisema, "Kaka, malade anaomba kitu, wewe unampa. C'est tout." Kifaransa chake kile: mgonjwa akiomba mpe, basi.

Jumamosi ile nilifika asubuhi na bata mzinga kwenye begi la mgongoni. Gasper alikuwa ameambiwa na mkewe usiku uliotangulia. Alinifungulia mlango, akanifuata jikoni, akasimama mlangoni mpaka nilipowasha oveni.

"Unamtesa mke wangu," akasema.

"Ameniomba mwenyewe."

"Akikuomba kisu utampa?"

  Akachukua koti akatoka.

Nikaanza kupika. Nikamsogeza shemeji kwenye kochi, mlango wa jikoni wazi. Kitunguu cha pilau kilipoanza kubadilika rangi nikageuka kumwangalia. Alikuwa amefumba macho, machozi yanashuka, pua juu. Nikashika swichi nizime.

"Usiguse," akasema. "Hicho kitunguu bado. Ngoja kiwe brown kabisa."

Kuanzia hapo akawa anaongoza kwa pua. Siagi inaungua, punguza. Tangawizi umeweka kidogo, shemeji, unamwogopa nani? Zawadi akashuka na sombe yake, akaambiwa haina mawese ya kutosha, wakabishana kama zamani. Shemeji alicheka. Kucheka kukamletea kikohozi kibaya, tukashika ndoo, tukasubiri.

Gasper alirudi giza likiwa limeshaingia, ingawa ilikuwa alasiri tu. Makena naye akatoka chumbani. Alikuwa anakaribia kumaliza sekondari. Tukakaa mezani watano, shemeji na mto mgongoni, mrija wake umefichwa chini ya kitenge.

Desturi yao ni kila mtu ataje la kushukuru. 

Shemeji akasema, "Mimi mwaka huu nimetafuta la kushukuru, sijapata. Sitamdanganya Mungu. Lakini chakula kimeiva. Kuleni."

Nimekaa makanisani maisha yangu yote, sijawahi kusikia sala kama ile.

Hakuna aliyegusa kijiko. Akanyoosha mkono, akachomoa kipande cha ngozi ya bata mzinga, ile ya kifuani iliyokauka vizuri. Akaweka mdomoni. Akatafuna taratibu sana. Kisha akachukua kikombe, akatema, akafuta mdomo.

"Chumvi iko sawa," akasema.

Akafanya hivyo hivyo kwa pilau, kwa ndizi, kwa sombe. Anatafuna, anatema. Si kitu kizuri kukitazama, siwafichi. Mimi naosha wazee kila siku na bado niliangalia sahani yangu.

Makena akasimama. Mama yake akamwambia, "Keti, mum, ule." Mum ndivyo alivyozoea kumwita binti yake.

Akajibu kwa Kiswidi, kama anavyojibu siku zote: "Jag kan inte, mamma." Siwezi, mama. Akaingia chumbani akafunga mlango.

Shemeji hakumwita tena. Akamgeukia mumewe.

"Gasper. Kula nikuone."

Gasper akatikisa kichwa.

"Nikiondoka nikijua unakula kwenye chumba cha kufua nguo, nitakuwa nimekuacha wapi? Kula."

Akala. Alikula analia, mchuzi unamdondokea kidevuni, bila kunyanyua uso. Alimaliza, shemeji akampakulia tena kwa mkono wake mwenyewe, na akala tena. Zawadi alikuwa analia waziwazi. 

Ile furaha ya kwenye filamu haikuwepo. Ilikuwa meza nzito kuliko misiba niliyohudhuria.

Baadaye tukamrudisha shemeji kitandani. Gasper akakaa naye, mimi nikabaki jikoni naosha vyombo. Makena akaja. Hakuniangalia. Akafunua sufuria ya pilau, akaanza kula kwa mkono, imepoa, amesimama. Akaniomba kwa Kiswahili, kitu ambacho hafanyi: "Anko, usimwambie."

Lakini mfuniko ulikuwa umegonga sinki.

Kutoka chumbani shemeji akauliza, "Nani anakula?"

Nikamwangalia mtoto. Mtoto akatazama chini.

"Makena," nikasema.

 Nikamsikia shemeji akisema, "Mpeni na ndizi."

Hakufika Krismasi.

Huku mazishi yanachelewa, unasubiri wiki na wiki mwili uko kwenye baridi. Kwao Meru walitaka arudishwe, yeye alikuwa ameshasema azikwe mtoto wake alipo. Tulimzika ardhi ikiwa ngumu, mashine ndiyo iliyochimba.

Mwaka jana nikawaalika Gasper na Makena Tumba, nikapika mimi. Makena hakuja, alikuwa ameshahamia kaskazini kusoma. Gasper alikuja. Amehamia chumba kidogo Spånga. Amenenepa kidogo.

Alikula vizuri. Nilipomsindikiza stesheni akaniambia, "Ile siku sijakusamehe. Kila nikisikia kitunguu kinakaangwa namwona anatema kwenye kikombe. Halafu ndiyo siku ya mwisho nilimsikia anacheka. Sasa sijui nikushukuru au nikulaumu."

Nikamwambia afanye vyote viwili.

Treni ikaja, akapanda.

Nilichojifunza mimi ni hiki, wakuu, na mnaweza kunipinga. Mgonjwa akishindwa kula, sisi wazima tunaharakisha kumwamulia. Tunazima jiko, tunanong'ona, tunakula mafichoni, tunaita huruma. Inawezekana ni huruma kweli. Lakini muulizeni. Yule mwanamke hakuwa na njaa ya chakula peke yake. Alikuwa anataka kuwa mwenye nyumba mpaka siku ya mwisho, awaone watu wake wakishiba kwa macho yake.

Na sisemi nilifanya sawa. Gasper ana hoja yake, na yeye ndiye anayelala na kile kikombe kichwani.

Waliowahi kuuguza mtu wa namna hii, nyie mlifanyaje? Mlipika, au mlizima jiko? Semeni ukweli, sitamhukumu mtu.

Na wale wa bata mzinga, ulizeni tu, nitawajibu. Msisahau kumkausha ngozi.