Sikio Jeusi la Mama Mose

Kitu cha kwanza nilichokiona kwa Mama Mose ni masikio yake. La kushoto lilikuwa safi, lina hereni. La kulia lilikuwa jeusi kwa grisi, kana kwamba mtu amelifutia spana.

Alikuwa amepiga magoti kando ya mashine ya kusaga mahindi ya Osman, hapa Keroka, sikio hilo amelilaza juu ya chuma. Aligonga bolti moja kwa nyundo ndogo, akafumba macho.

"Hii imekohoa," akasema. "Haijalia."

Osman, mwenye mashine, alinikonyeza. Yeye ndiye aliyeniita. Mashine yake ilitikisika mno, na bolti zinazoshikilia mota zililegea kila baada ya wiki mbili. Kwa miaka kumi na mmoja Mama Mose ndiye aliyezikaza, kwa kusikiliza tu. Sasa Osman alitaka vipimo, na mimi ndio kwanza nimehitimu uhandisi wa mitambo.

"Mama, bolti haikohoi," nilianza kwa heshima. "Vyuma viwili visipobanana vizuri, huteleza kidogo vikigongwa. Msuguano hugeuza ule mtikisiko kuwa joto, ndiyo maana sauti hufa haraka."

"Ndiyo nimesema. Imekohoa. Iliyokazwa hulia." Akanitazama kuanzia viatu. "Umesomea hayo miaka mingapi?"

"Mitano."

"Pole, mwanangu."

Nikatoa spana yangu ya kupimia. Unaiwekea kiwango cha mkazo, na nati ikifika hapo, spana inasema "ka!" Mama Mose aliisifu sana, nami nikavimba kichwa. Aliniomba nikaze bolti nne kwenye vyuma vyake vya mazoezi. Alinipa moja moja, kila moja akiipangusa kwanza kwa aproni.

Ka. Ka. Ka. Ya nne haikufika. Ilisema "ta!", kichwa kikakatika na kurukia gunia la mahindi.

"Uwii! Injinia ameua bolti!" Mama Mose akapiga makofi. Osman alicheka hadi kofia ikamwanguka.

Niliiokota. Nyuzi zake za kuzungushia nati zilikuwa nyeupe, tofauti na za zile tatu. Nilidhani ni unga wa mahindi, mpaka Mama Mose alipogeuza mfuko wa aproni na kumwaga vumbi la mawe ya sabuni. Kaka yake huchonga vinyago vya mawe hayo kule Tabaka, naye humletea vumbi hilo kwa mkebe. Ukilisugua vidoleni linateleza kama samaki.

"Spana yako inapima jasho lako," akaniambia. "Haipimi bolti."

Ningebisha, lakini alisema kweli. Katika sehemu kumi za nguvu unazotumia kukaza nati, karibu tisa huliwa na msuguano. Vumbi lilipoupunguza msuguano, nguvu iliyobaki ikaivuta bolti hadi ikakatika. Swali hilo nililijibu kwenye mtihani, nikapata alama zote.

Kesho yake nilirudi na dawa yangu. Simu yangu ina programu ya kupima mtikisiko, na niliifunga kwenye chuma kwa mpira. Tukagonga viungo tisa vya bolti. Simu ilichora jinsi kila mtikisiko ulivyokufa. Mama Mose aligeukia ukuta akasikiliza. Tulipanga viungo kuanzia kilichokaza hadi kilicholegea, kila mtu kivyake. Mipango yetu ilifanana kwa viungo vyote tisa.

"Kumbe simu yako nayo ina sikio," akasema. "Ila haina hereni."

"Sawa, nyote mnajua kusikia," Osman akakata maneno. "Mimi nataka bolti isilegee. Anayejua kukaza ndiye nitakayemwachia mashine."

Mama Mose aliacha kucheka. Mashine hiyo ndiyo kazi yake ya miaka kumi na mmoja. Kwangu ni kazi ya kwanza.

Basi tukagawana mota. Upande wa kushoto alikaza yeye: alikaza na kugonga, akakaza na kugonga, hadi mlio ulipoacha kuongezeka. Wa kulia nilikaza mimi kwa spana, baada ya kusafisha kila uzi kwa brashi na kuchungulia mifuko yote ya aproni yake. Mulki, binti yake Osman, alileta rangi ya kucha akachora mstari kutoka kila nati hadi kwenye fremu. Nati ikizunguka hata kidogo, mstari utavunjika. Osman akafunika pande zote mbili kwa masanduku ya bati, akafunga kufuli kwa wiki tatu.

Wiki tatu zinaisha sasa. Ijumaa Osman alikuwa msikitini. Jumamosi Mama Mose alikuwa kanisani, kwani Sabato hashiki hata spana. Leo Jumapili ni zamu yangu ya misa. Masanduku yatafunguliwa kesho saa tatu asubuhi.

Nimetoka misa nikapitia kwa Osman, kuangalia tu. Mashine inasaga. Kufuli halijaguswa. Lakini kwenye bati la upande wangu kuna alama nyeusi ya grisi, ya mviringo, yenye umbo la sikio.

Mama Mose ameketi mlangoni akimenya ndizi.

"Umesikia nini?" nimemuuliza.

"Kesho saa tatu, Injinia. Uje na leso."

Nimengoja aingie ndani. Nimetazama huku na huku, kisha nikaweka sikio langu palepale kwenye grisi yake. Kwa masikio yangu, bolti inalia, haikohoi. Nadhani inalia. Saa tatu iko mbali.