Kaka Ndiye Mwenye Kauli

Mpaka leo nikiulizwa kwa nini kitindamimba wetu alifunga ndoa mahakamani, bila posa wala ukoo, damu inanichemka. Watu wanadhani alikuwa na haraka. Haraka gani? Alisubiri karibu mwaka mzima kauli ya mtu mmoja, na mtu huyo alikuwa kaka yetu.

Kaka alipigana vita vya Amin. Alikwenda akiwa kijana mcheshi, na njiani kuelekea Kampala bomu likapasuka karibu na lori lao. Alirudi na kovu nyuma ya sikio, ndugu wakashukuru kwamba mikono na miguu ipo. Hakuna aliyeuliza kuhusu kichwa. Miaka ya tisini ilipokuwa inaishia nilimleta aje kukaa nasi huku ughaibuni, Riverdale Park, na hapo ndipo nilipojionea mwenyewe. Akiwa ametulia hawezi kuchagua hata shati. Atasimama mbele ya kabati mpaka jasho limtoke. Akishtuka, anaamua papo hapo, na akishaamua habanduki. Kazi nzuri ya ghalani kule Sterling aliiacha siku moja kwa sababu msimamizi alimgusa bega kwa nyuma. Tulimbembeleza arudi, tukachoka sisi.

Mimi nilikuwa nahudumia wazee majumbani mwao, na baadhi yao walikuwa wamepigana Vietnam. Kazini tulielekezwa: aliyetoka vitani mwendee kwa mbele, muulize jambo moja, usimzibie njia. Kwa hiyo kijana mmoja Mkenya alipotuma salamu kwamba anataka kuja kumposa mdogo wetu, nilikwenda moja kwa moja mtaa wa Shaw kwa mjomba, mkubwa wa familia yetu huku. Nilimwomba awajibu wageni yeye.

"Mimi ni mjomba tu," alisema. "Baba yenu hayupo. Kaka ndiye mwenye kauli. Au unataka kumvua ukubwa wake mbele ya watu?"

"Mjomba, kaka anashindwa kuchagua shati."

"Shati na posa wapi na wapi, mwanangu?"

Nikamuaga kwa adabu. Adabu hii imetuponza mengi.

Sisi tulitarajia washenga wawili watatu, watu wazima wa kuketi na kuzungumza kwa sauti ya chini. Walikuja Wakenya basi dogo zima, wakiimba tangu kwenye ngazi. Kwao hiyo ndiyo heshima: wanawake wanapiga vigelegele, wanagonga mlango, wenyeji wanajifanya hawataki kufungua, na nyimbo zinazidi. Mjomba aliupenda mchezo huo. Akashikilia kitasa huku anacheka, nao wakagonga kwa ngumi. Nilimtazama kaka. Alikuwa ameegemeza mgongo ukutani, macho yake yakitoka dirisha hili kwenda lile.

"Mjomba, fungua, kaka hayuko sawa," nilimnong'oneza. Akanikonyeza nitulie.

Mlango ulipofunguka waliingia kwa mkupuo, wakajaa sebule nzima, kaka akabaki upande wa ndani na mlango hauonekani. Msemaji wao alikuwa mama mmoja mchangamfu, sauti yake ya kanisani. Akamgeukia kaka.

"Mzee, sisi tumedrive kutoka Sterling na hatuendi home bila jibu! Kuna ua tumeliona kwa hii nyumba. Mtatupea ama hamtatupea?"

"Hapana," alisema kaka.

Wakaangua kicheko, wakidhani anawapandishia bei kwa utani. Wakaanza wimbo mwingine.

"Nimesema hapana! Tokeni!"

Kicheko kikakatika. Walitoka mmoja mmoja, kijana wa watu akiwa wa mwisho, kichwa chini. Pilau ilibaki na mfuniko wake. Mdogo wetu alijifungia bafuni, tukamsikia analia.

Na mjomba, yule yule aliyeshikilia kitasa, alisema nini? "Ndiyo basi. Mkubwa ameshasema, hatuwezi kumpinga." Nilitamani nimrushie mwiko.

Siku chache baadaye nilimkuta kaka peke yake, ametulia, anamenya viazi.

"Kaka, yule kijana ana kasoro gani?"

"Hana kasoro. Ana adabu. Nampenda."

"Sasa kwa nini ulimkataa?"

"Walikuwa wameziba mlango, dada."

"Basi sema ndiyo. Nawapigia simu sasa hivi."

Aliweka kisu chini, akashika kichwa kwa mikono miwili. "Siwezi. Nikianza kubadilisha, nitabadilisha lipi na niache lipi? Sitajua tena ni lipi nililolisema mimi."

Nilimkasirikia, nilimhurumia, na hasira ndiyo iliyoshinda. Mjomba naye alikuja mara kwa mara kumuuliza upya, kwa upole, mbele ya chai. Kaka alikuwa anaitazama chai mpaka inapoa, shati limelowa mgongoni. "Tumpe muda," mjomba alisema kila alipovaa koti. Muda! Mdogo wetu alikuwa anakonda mbele ya macho yetu, na upande wa kijana wakaanza kumtajia wasichana wengine.

Mwisho mdogo wetu alichoka. Walikwenda mahakamani wawili hao, mimi nikiwa shahidi. Mjomba alisusa. Kaka alikuja, lakini ndani hakuingia. Alisimama nje mpaka walipotoka.

Alimkumbatia mdogo wetu, akampa kijana mkono, kisha akanivuta pembeni.

"Nani aliwajibu kwa niaba yetu?"

"Hakuna. Mdogo wetu aliulizwa mwenyewe, akajibu mwenyewe."

Mabega yakamshuka.

"Kumbe inawezekana," alisema. "Sasa mimi mlikuwa mnaniuliza ya nini?"