Kijana Wangu Mmoja

Katikati ya miaka ya tisini nilikuwa na karakana ya usanifu mjini Kakamega, vyumba viwili nyuma ya duka la vitabu vya shule. Tulichora mabango, tukachapisha fulana za michezo, tukatengeneza kadi za harusi. Lakini nikiulizwa kazi yangu, sikutaja mabango. Nilisema ninawasaidia vijana waliomaliza kidato cha nne waingie katika kazi za sanaa. Nilipenda kulisema hilo, hasa mbele ya wazazi.

Mmoja wa vijana hao alikuwa msichana kutoka Musanda, wa familia ya Kiislamu iliyolima miwa. Alikuja na babake. Mzee alisimama mlangoni, akatoa salaam aleikum, akaniambia, "Mwalimu, huyu kazi yake ni kuchora tu. Amechora hata mlango wa jikoni. Tafadhali mtafutie njia."

Nikamwahidi kwamba nitamtafutia.

Mwaka haukuisha kabla hajanipita. Aliandika herufi bila kupiga mstari, na zikanyooka. Nilipowapeleka vijana Isecheno kuchora msituni, wenzake walirudi na miti. Yeye alirudi na ndege mkubwa wa buluu mwenye kishungi, akamrudiarudia kwenye karatasi nzima, bawa likishikana na bawa, mpaka ukawa mchoro wa kitambaa. Niliubandika ukutani.

Asubuhi moja alifika bwana mmoja nadhifu kutoka kiwanda cha nguo Eldoret. Alitafuta kijana wa kwenda kujifunza kubuni michoro ya vitenge, kisha aajiriwe huko. Alizunguka akitazama kazi zetu, akasimama mbele ya yule ndege.

"Huyu amechorwa na nani?"

Msichana alikuwa chumba cha pili akiosha brashi. Ningemwita kwa sauti ya kawaida, angeitika. Lakini wiki hiyo nilikuwa nimekubali kazi kubwa kuliko zote nilizowahi kupata, mabango yote ya chuo kipya, na hapakuwa na mkono mwingine wa kuandika herufi zile.

"Kijana wangu mmoja," nikasema.

"Naweza kumwona?"

Nilitoka uani nikamwita mvulana aliyekuwa akianika fulana. Alikuwa mpole, mwenye bidii, na uchoraji wake ulikuwa wa wastani. Mgeni akampa mkono, akamsifu kwamba ana jicho zuri. Mvulana alinitazama, hakuelewa anasifiwa nini.

"Sema asante," nikamwambia.

Akasema asante.

Mvulana aliondoka wiki iliyofuata. Tulimuaga kwa soda na mandazi, na msichana ndiye aliyemchorea kadi ya kwaheri.

Nilijiambia kwamba nafasi nyingine ikija itakuwa yake. Haikuja. Labda niseme ukweli kwamba sikuitafuta. Alinifanyia kazi miaka miwili zaidi, akizidi kuwa kimya, kisha Ijumaa moja akaniaga kwamba anarudi kwao kufundisha nasari. Sikumzuia. Nilishukuru tu kwamba hakuniuliza kitu.

Mvulana naye alitaabika Eldoret mwanzoni. Walimtaka achore ndege kama yule, hakuweza. Lakini alijifunza polepole, wakamweka. Kila Krismasi aliniletea kitambaa, na kila kimoja nilikitia sandukuni bila kukishona.

Mwishowe nilishindwa kuvumilia, nikaenda Musanda. Mamake yule msichana aliponiona alianza kumfukuza kuku uani. "Leo utakula ingokho na obusuma," akasema. "Hutaondoka hivi hivi, na wewe ndiwe ulimshika mtoto wetu mkono." Nilikula kuku na ugali wake.

Mama alipotoka na vyombo tukabaki wawili. Nikamwambia msichana, ambaye sasa alikuwa mwanamke mzima, habari za yule mgeni na ndege wake. Nilianza na mabango ya chuo, jinsi kazi ilivyokuwa nyingi, kisha nikajisikia nikijitetea, nikakatiza.

"Najua, Mwalimu," akasema. "Nilisikia. Si ule ukuta ulikuwa wa mbao?"

"Ulisikia siku hiyo hiyo?"

"Siku hiyo hiyo. Uliposema kijana wangu mmoja, nilijua ni mimi, nikapangusa mikono. Halafu nikasikia unaita mtu huko nje."

Sikuweza kumtazama. Nilimuuliza mbona basi alikaa kwangu miaka miwili.

"Nilikuwa nangojanga uniambie. Kila Jumatatu nasema, leo ataniambia."

Nikamwomba msamaha. Nikamwambia nitawaandikia barua watu wa Eldoret, niwaeleze yote, hata kama nitaaibika. Alitikisa kichwa. Akasema barua hiyo ingemharibia mwenzake, ambaye hakukosa lolote, na kwamba yeye sasa ana watoto wake wa nasari. Hakusema amenisamehe, wala hakusema hajanisamehe. Aliniuliza kama nimeshiba.

Jua lilipopungua nikaaga. Mamake alinifungia mayai na ndizi mbivu nipeleke nyumbani, na mkoba ukawa mzito. Nilitaka kuubeba mwenyewe. Binti akaniwahi, akaushika, akatangulia kwenye kinjia katikati ya miwa, nami nikamfuata nyuma hadi barabarani nikimwacha aubebe.