Alichoandika Maurice Chini ya Picha

Maurice alikuwa mpiga video wa Kendu Bay, na kazi yake kubwa ilikuwa matanga. Ni yeye peke yake mjini aliyejua kuweka maandishi ya Kiswahili chini ya picha: ukitaka unayawasha kwa rimoti, usipotaka unayazima. Alijua pia kuifunga DVD isinakiliwe. Aliringa kidogo kwa hayo mawili.

Odhiambo alipofukiwa na shimo la dhahabu kule Osiri, alizikwa kwao, nje kidogo ya Kendu Bay. Mjane wake, Bosibori, alikuwa Mkisii. Miaka minne aliwakaangia wachimbaji mandazi, na yeye na mumewe walizungumza Kiswahili tu. Dholuo, lugha ya kina mumewe, aliyoijua ilikuwa ya salamu na bei.

"Ndugu, niwekee maandishi," alimwambia Maurice. "Mama yangu ni mgonjwa, hataweza kuja. Nataka ajue nimepokelewa vipi."

Siku ya mazishi, Walter, kaka mkubwa wa marehemu, alishika maikrofoni. Kwa Dholuo akasema ndugu yake hakuuawa na udongo. Aliuawa na mwanamke aliyemleta kutoka milimani, ambaye tumbo lake halikuzaa na mkono wake una uchawi. Matanga yakiisha, achukue sufuria zake aondoke. Watu wakacheka, wengine wakapiga makofi. Bosibori, aliyekaa kando ya jeneza, alidhani mumewe anasifiwa. Naye akapiga makofi.

Kamera ya Maurice ilikuwa imemlenga usoni.

Siku mbili alihangaika na maneno hayo. Aliandika ukweli, akaufuta. Mwishowe, chini ya uso wa Walter, akaandika: "Huyu sasa ni dada yetu. Boma hili ni lake mpaka Mungu amwite." DVD ya Bosibori akaifunga, nakala zisije zikazunguka kijijini. Ya Walter akaitoa bila maandishi.

Kule Kisii, mama yake Bosibori alikuwa amemtengea chumba na kipande cha shamba la migomba. Alipomaliza kutazama DVD aliyoletewa na bintiye alisema, "Rudi kwa hao watu, mwanangu. Wana roho nzuri." Chumba akapewa kaka yake Bosibori na mkewe. Bosibori akauza jiko lake la Osiri, akahamia Kendu Bay, akapanda mahindi.

Mahindi yalipofika magotini, Walter aliingiza ng'ombe humo. Wiki iliyofuata akang'oa mlango wa nyumba. Bosibori akaenda kwa chifu na DVD ameifunga ndani ya leso.

"Walisema wenyewe mbele ya watu," alisema.

Televisheni ikawashwa barazani. Maandishi aliyawasha yeye mwenyewe.

Wote pale walijua Dholuo. Walimsikia Walter akitaja uchawi, huku chini pakisomeka "dada yetu". Kicheko kilianzia nyuma. Chifu alifuta machozi kwa kofia yake. Bosibori alitazama huku na huku, akijaribu kutabasamu pamoja nao.

Maurice aliitwa.

"Ni wewe uliandika haya?"

"Ni kompyuta, mzee. Wakati mwingine inatafsiri yenyewe."

"Kwani shemeji alisema nini?" Bosibori akauliza.

Mama mmoja mzee akamweleza, neno kwa neno, polepole, kama anayemfundisha mtoto.

"Na alipiga makofi," Walter akasema. "Rudisha nyuma muone."

Wakarudisha. Wakamtazama akipiga makofi, mara mbili.

Aliondoka siku hiyo hiyo na sufuria zake. Kwa mama yake hapakuwa na chumba tena, na Osiri nafasi yake ya mandazi ilikuwa na mwenyewe. Akaanza kuwapondea watu mawe ya dhahabu kwa nyundo.

Mwaka uliofuata Maurice alikwenda Osiri kwa matanga mengine, akamkuta kwenye rundo la mawe, uso mweupe kwa vumbi. Akamsalimu kwa Kiswahili. Bosibori alimjibu kwa Dholuo iliyonyooka: Maurice angaliandika ukweli, leo yeye Bosibori angalikuwa kwao, chini ya migomba. Kisha akamwomba asogee, kwa sababu alikuwa amesimama juu ya mawe yake.