Kadzo na Jino la Popo

Tangu binti yake wa pekee, Linet, aende Saudia kufanya kazi za nyumbani, Kadzo alikaa peke yake katika nyumba ya mabati pale Gede. Alikwisha kumzika mumewe. Miaka ya kufua mashuka hotelini Watamu nayo ilikwisha, ikamwachia mgongo mbovu na mazoea ya kuamka alfajiri pasipo sababu. Waliobaki naye ni popo waliojibanza kati ya mabati na dari. Alipoambiwa awafukuze, alijibu, "Waacheni. Angalau kuna kinachotembea humu ndani."

Mchana mmoja wa jua kali, popo mmoja alianguka sebuleni, akawa anahema, bawa limetanda sakafuni. Kadzo alimwonea huruma. Akamwokota kwa mkono mtupu ampeleke kivulini, popo akamng'ata kidole. Kilikuwa kijitundu tu, kama cha sindano. Alikipangusa kwa leso, akaendelea na kazi zake.

Jioni alimsimulia Priscilla, jirani aliyekuwa akila naye sima sinia moja kila siku. Alidhani watacheka. Priscilla hakucheka.

"Mama Linet, hilo si la kulala nalo. Kesho nenda hospitali."

Huko Malindi alipokewa na muuguzi kijana, Emily, aliyemwamkia shikamoo, kisha akakisugua kile kidole kwa sabuni chini ya maji ya mfereji, muda mrefu hata Kadzo akaona haya.

"Kidonda chenyewe hakionekani, mwanangu."

"Ndiyo maana watu hukipuuza, mama. Mate ya popo yaweza kuwa na virusi vya jamii ya kichaa cha mbwa. Dalili zikishaanza, tumechelewa. Huenda huyo wako hakuwa na kitu, lakini hatungoji tuone."

Kadzo akauliza kama awafukize kwa moto wale wa darini.

"Usiwaue wala usiwaguse," Emily alisema. "Ukiwavuruga ndipo hatari inapozidi. Ngoja msimu ambao hawana watoto, wakishatoka jioni fundi azibe tundu wanalopitia. Na mavi yao usiyafagie makavu. Yaloweshe kwanza, ujifunike pua na mdomo."

Akachomwa chanjo, akaambiwa awe akirudi mpaka sindano zote zikamilike.

Sindano hazikumuumiza kama yaliyomngoja nyumbani. Habari ilikwisha kuenea kwamba ana ugonjwa wa popo. Bombani wanawake walimpisha atangulie kuchota, wakiita hiyo heshima, kisha wakausuuza mfereji nyuma yake. Kanisani benchi lake likawa na nafasi. Priscilla alituma salamu kwamba ana kazi nyingi shambani. Kadzo akapika sima ya mtu mmoja, na kwa kuwa mkono haukuzoea, kila siku ikabaki.

Linet alipopiga simu, akauliza, "Mama, u mzima?"

"Mzima, mwanangu. Hapa hakuna jipya."

Alikata simu, akakaa kitandani akikitazama kidole. Alikuwa akijipima homa kwa kiganja chake mwenyewe, maana hapakuwa na wa kumshika paji la uso.

Chanjo zikaisha, asiugue. Fundi akaziba tundu, nyumba ikanyamaza.

Siku moja Priscilla akaja na mboga ya mchunga kwenye ungo, akasimama nje ya ua.

"Hivi ule ugonjwa unaambukiza watu?"

"Sikupata ugonjwa. Nilipata chanjo. Mbona hukuniuliza tangu mwanzo?"

Priscilla aliinama. "Niliona nikikuuliza, utajua kuwa naogopa."

"Nilijua hivyo hivyo."

Kadzo akamfungulia. Wakapika, wakala. Lakini Priscilla alipoingiza mkono siniani, Kadzo alijikuta akiutazama kuona kama utasita. Haukusita. Hata hivyo alitazama, na kesho yake akatazama tena, na jambo hilo likamhuzunisha kuliko yale ya bombani.

Linet alipopiga tena, Kadzo alimweleza yote.

"Siku zote hizo ulikuwa na nani, mama?"

"Sikuwa na mtu," Kadzo akasema, na ilikuwa mara ya kwanza kulitamka.