Chupa ya Maji ya Kunde

Jirani yangu Doto hajawahi kununua kitu kwa haraka. Jembe lake la sasa alilipata baada ya kuyagonga majembe yote dukani, moja baada ya jingine, akisikiliza mlio, mpaka mwenye duka akamwambia achukue lolote aondoke. Kwa hiyo aliposema anataka kamera ya dijitali, tena iwe inayotoa rangi kama zilivyo, na bei isizidi mpunga alionao ghalani, nilijua kazi ninayo. Msindikizaji huwa ni mimi.

Labda nieleze kwanza kwa nini mkulima wa mpunga hapa Majimoto ahangaike na kamera wakati simu zimejaa kila mahali.

Doto alizaliwa pacha. Wasukuma hawapotezi muda na majina ya mapacha: anayetangulia ni Kulwa, anayefuata ni Doto, mambo yamekwisha. Kulwa alikuwa fundi cherehani pale sokoni. Alifariki mwaka juzi, kwa homa iliyomchukua kabla hatujakubaliana ni homa gani, akaacha binti mdogo anayeitwa Pelagia. Baba wa mtoto alikuwa ameshakwenda kwenye machimbo ya dhahabu, na nadhani bado anachimba. Mtoto akabaki kwa mama yake mdogo, yaani Doto.

Siku ya mazishi ilitafutwa picha ya marehemu ya kuweka mbele ya jeneza. Ikapatikana moja tu, aliyopiga binamu yao kwa simu ya aina ile inayompamba mtu bila kuombwa. Simu ilikuwa imemfuta Kulwa makunyanzi ambayo hakuwa nayo, ikamchonga kidevu, ikampaka weupe mpaka masikioni. Ndugu waliotoka Kasekese waliingia, wakaitazama picha, wakatuomba radhi, wakaanza kuondoka kwenda kuutafuta msiba wao. Ilibidi nikimbie kuwarudisha.

Picha hiyohiyo ndiyo iliyotundikwa sebuleni kwa Doto. Siku moja nilikuwa pale nachambua mchele, Doto akamwonyesha mtoto picha na kumwuliza, "Pela, huyu nani?"

"Mzungu," akajibu Pelagia.

Mimi nilicheka. Doto hakucheka. Aliishusha picha, akaigeuza uso ukutani, akaniambia kwa sauti ndogo kwamba mtoto huyu atakua bila kumjua mama yake, na atakayekuwa amemficha mama huyo ni yeye Doto, maana ndiye aliyebaki. Alikuwa anaogopa kweli. Nikaacha kucheka.

Hapo ndipo alipopata wazo lake. Yeye na Kulwa walifanana kiasi kwamba mama yao, kwa maelezo ya mama mwenyewe, kuna siku alimnyonyesha mmoja mara mbili na mwingine akalala njaa. Basi apigwe picha yeye Doto, kwa kamera isiyopaka mtu rangi, kisha picha hiyo itundikwe na mtoto aambiwe, huyu ndiye mama yako.

"Sasa Doto," nikamwambia, "unatafuta kamera ya kusema ukweli ili uitumie kusema uongo?"

"Uongo ni ule uliogeuzwa ukutani, mama Zefania. Huu wangu ni wa karibu zaidi."

Nikaendelea kuchambua mchele.

Likabaki suala la rangi yenyewe. Tutajuaje kwamba kamera imeipata? Nikasema, nikiwa sina nia mbaya, kwamba Kulwa alikuwa maji ya kunde na kila mtu analijua hilo. Sisi wote tunasema hivyo. Binti akitakiwa uchumba, watu wanauliza yukoje, wanaambiwa maji ya kunde, na hakuna anayeondoka hapo akifikiria kunde. Doto aliondoka akifikiria kunde. Kesho yake asubuhi nilimkuta amebandika sufuria.

Nawaambia ninyi msiojua: maji ya kunde si rangi moja. Kuna kunde nyekundu na kunde nyeupe, na kila dakika ya moto maji yanabadilika. Tulikaa kila mmoja upande wake wa jiko, tunachota kwa upawa na kumimina taratibu kwenye bakuli jeupe, tunamtafuta marehemu.

"Hapo," nikasema. "Epua."

"Bado. Huyo ni Kulwa wa kwenye mwanga wa asubuhi."

Akachochea. Akachota tena, akainamia bakuli muda mrefu. "Huyu sasa," akasema. Nilitazama na mimi. Sijui kama ni moshi, lakini nilimwona Kulwa kabisa, shingo yake, pale alipokuwa anainamia cherehani. Tukachuja, tukatia kwenye chupa, tukafunga. Kunde tulikula mchana.

Mpanda mjini tulikwenda na basi. Wala msiniulize nani alidhani maji ya kunde yatavumilia joto la njia nzima ile. Tulipofika Sitalike kifuniko kiliruka chenyewe. Abiria wakafungua madirisha. Kondakta akatutazama sisi, na mimi nikatazama viboko mtoni, nje ya dirisha.

Duka tulilolenga ni la Ladislas, anayetengeneza simu, anayepiga picha za pasipoti na kuuza kamera mpya na za mtumba. Ni mtu mwenye subira, na siku ile aliitumia yote. Doto alipima bei kwa magunia. Ile kamera yenye lenzi ndefu ilikuwa sawa na shamba zima pamoja na ng'ombe wa kulilimia, tukaipita. Iliyofuata ilikuwa magunia matano. Tukateremka mpaka kwenye kabati la chini, kwenye kamera za watu kama sisi.

"Hii chukua, dada," Ladislas akasema. "Ina megapikseli nyingi."

"Hizo zinahusu nini na rangi?"

Ladislas akafikiri. "Kwa kweli hazihusu," akasema. Nikampenda kuanzia hapo.

Doto akatoa chupa, akaiweka juu ya kioo cha kabati. Mteja mmoja aliyekuwa akisubiri picha zake akasema atarudi baadaye. Ladislas aliuliza ni dawa ya nini. Tukamweleza. Alifunga pua kwa vidole viwili, na kwa mkono wa pili akapiga picha ya chupa. Kwenye kioo cha kamera maji yalitoka ya buluu, ya kufulia. Akachukua kamera nyingine, ya waridi, nzuri kweli kwa macho. Hiyo ikatoa Fanta.

"Jamani, taa ya humu ndani ndiyo inayoharibu," akasema. "Twende nje, kivulini. Na tuizime hii habari yake ya kujifanya inajua kurembesha."

Tukatoka na kamera na chupa, tukaiweka chupa kwenye kibaraza. Watu wa mtaa ule wakaja kuangalia, kisha wakarudi nyuma kidogo. Ladislas akajaribu nyingine tatu. Ya mwisho ilikuwa nyeusi, kuukuu, imechunika pembeni, kifuniko cha betri kimekazwa kwa ukanda wa mpira wa tairi. Akapiga. Doto akaisogeza kamera kando ya chupa, akatazama kioo, akatazama chupa, akatazama tena kioo.

"Hii," akasema.

Ladislas akamwelekeza kila kitufe na kutuombea safari njema, akatusihi chupa tuimwage kabla ya kupanda basi. Tukaimwaga.

Asubuhi iliyofuata Doto alitoa sandukuni gauni la Kulwa, la zambarau iliyoiva, alilojishonea mwenyewe na kulivaa mpaka likachoka mabegani. Hakuwa amelitoa tangu msiba. Akalivaa, akasuka nywele mtindo wa dada yake, akakaa kwenye kigoda nje ya mlango, kivulini. Mimi ndiye niliyepiga. Nilikata kichwa mara mbili, mara ya tatu nikampata mzima.

Tukaangalia. Kamera ile haikuwa na mchezo. Ukuta wa udongo ulikuwa udongo, kigoda kigoda, zambarau ilikuwa zambarau. Na Doto alikuwa Doto. Kulwa maisha yake yote alikaa kivulini na cherehani, na mwenzake huyu anainama mpungani, jua la Majimoto liko mgongoni kila msimu. Uso ulikuwa uleule wa mapacha, lakini rangi ilikuwa ya mtu mwingine kabisa.

"Nimekuwa mweusi hivi tangu lini?"

"Tangu ujue jembe."

Alikaa na kamera mapajani. Nikamwambia kuna vijana pale sokoni wanaweza kuing'arisha kidogo tu. Akaniuliza kama tumeuza mpunga kununua kamera isiyong'arisha watu ili tukaing'arishe. Nikamwambia basi akae ndani mpaka apauke. Akauliza palizi nitamfanyia mimi? Niliona ameshindwa, na niliumia, kwa sababu hata mimi nilikuwa nimeanza kuamini.

Pelagia akaja mbio kutoka kucheza, pua inamtiririka. Akatupita, akarudi, akachungulia kamera mapajani mwa Doto.

"Mama mdogo, umevaa gauni la mama."

Doto hakusogea. Gauni lile mtoto hajaliona tangu mama yake azikwe, na kwenye picha ya yule Mzungu halipo.

"La mama yupi, Pela?"

"La mama."

"Si mimi ndiye mama?"

Pelagia akamtazama kama mtu anayeulizwa jambo la kipuuzi. "Wewe mama mdogo. La mama yule mwingine. Alikuwa ananifuta kamasi na hili." Akalishika pindo la lile gauni alilovaa Doto, akajifuta pua kwa nguvu, kutuonyesha jinsi ilivyokuwa.

Doto alikuwa analia, machozi yanaanguka kwenye kamera, na hakuyafuta. "Alikuwa anafutaje?" akauliza. "Hebu nionyeshe tena."

Mtoto akaonyesha tena, na tena, ingawa pua ilikuwa imeshakauka.