Sikio la Shule na Sikio la Punda

Ipo siku moja ya utotoni ninayoikumbuka kwa ukamilifu kuliko hata siku niliyoapishwa kazini. Naiandika kama ilivyokuwa, mwanangu, kwa sababu binamu yangu Zuhura amezoea kuisimulia kwa namna yake kwenye maulidi na harusi, na waliopo hucheka bila kuuliza upande wa pili.

Babu yetu alikuwa na shamba la chumvi nje kidogo ya Kilwa Kivinje, na punda mmoja, Sultani, aliyebeba magunia kutoka mabwawani hadi barabarani. Sisi wajukuu tulitamani jambo moja tu: kumpanda Sultani anaporudi hana mzigo. Babu alikuwa ametangaza kwamba msimu ule atamfundisha mmoja wetu, na mimi sikuona kwamba palikuwa na jambo la kujadili. Nilikuwa mkubwa. Nilikuwa nimeandikishwa shule, tena kwa kipimo halali cha wakati ule: unapitisha mkono wa kulia juu ya kichwa, na vidole vikigusa sikio la kushoto, umri umetimia. Zuhura, mtoto wa shangazi, mkono wake uliishia utosini, akarudishwa nyumbani analia.

Asubuhi hiyo babu alituita mbele ya punda. Nikapitisha mkono juu ya kichwa, nikalishika sikio, nikasimama wima kama askari.

"Babu, nimefika."

"Nakuona, bwana mkubwa." Kisha akamgeukia Zuhura kwa utani wao wa siku zote. "Na wewe, mke wangu, mbona umenuna?"

Zuhura hakuwa akimtazama babu wala mimi. "Sultani leo hataki, babu. Masikio kayalaza nyuma. Jana alipokuwa anakula pumba yalisimama."

Babu akaliinua gunia tupu lililokuwa mgongoni mwa punda. Chini yake palikuwa na kidonda, chumvi ilikuwa imemchubua. Babu alikijua na alikuwa amenyamaza makusudi.

"Sikio ulilolishika wewe ni la shule," akaniambia. "Punda hana haja na sikio lako. Anataka utazame la kwake."

Kidonda kilipopona, aliyepandishwa kwanza alikuwa Zuhura, suruali ya kaka yake chini ya gauni, babu ameshika kamba. Akapita mbele yangu anatabasamu. Mwanangu, wivu ule niliuhisi mdomoni kama chumvi yenyewe. Nilipeleka malalamiko kwa kufuata ngazi: kwanza kwa mama, kisha kwa mjomba, mwisho kwa babu. Nikaeleza umri wangu, shule yangu na haki yangu. Babu alinisikiliza hadi mwisho, jambo ambalo wakubwa wengi niliowatumikia baadaye hawakuliweza.

"Nimekuelewa," akasema. "Sasa niambie. Umekuja kuomba punda, au umekuja kuomba Zuhura ashushwe?"

Nikaanza upya kueleza umri wangu.

"Basi siku utakayokuja kwa ajili ya punda, njoo."

Nilikwenda baadaye, na nilipanda. Hilo nalo liwekwe sawa, kwa kuwa Zuhura hulisahau.

Sasa nimestaafu utumishi wa wilaya na nilidhani mambo ya kupanda wanyama yamekwisha. Kumbe mwalimu mmoja amefungua mafunzo ya farasi kwa watoto ufukweni Lindi, anakoishi binti yangu Rehema. Na nani amekuwa wa kwanza kupandishwa? Sudi, mjukuu wa Zuhura, rika moja na Hamisi wetu, mtoto wa Rehema. Picha yake ikaletwa kwenye kundi la ukoo, kofia ngumu kichwani, mgongo umenyooka. Mashallah zikamiminika. Nami niliandika Mashallah, kwa adabu, kisha nikaiweka simu kifudifudi. Haikupita muda Zuhura akanitumia ujumbe wa sauti: "Kaka, huyo wako vipi? Au mkono haujafika sikioni?"

Nikapanda basi kwenda Lindi.

Hamisi alinipokea kwa shikamoo, na kabla sijanywa maji nilimwambia ashike sikio. Akalishika bila shida.

"Basi," nikasema, "kesho farasini."

"Baba," akasema Rehema, "huyu anamkimbia hata jogoo wa jirani."

"Na Sudi hakimbii jogoo?"

"Sijui ya Sudi, baba. Mimi nakwambia ya Hamisi."

Sikumsikiliza. Kesho yake tulikuwa ufukweni, mtoto amevishwa kofia, mwalimu ameshika hatamu, nami nimeshika simu, maneno ya kupeleka kwenye kundi nimekwisha kuyaandika. Ilibaki picha tu. Hamisi akasogea, akanyoosha mkono, akaurudisha.

"Panda, babu, usiogope," nikamhimiza.

"Siogopi. Farasi ndiye kakasirika. Ona masikio yake, kayalaza."

Sikuwahi kumsimulia habari za Sultani. Mwalimu akamtazama farasi, akapitisha mkono chini ya tandiko, akatoa kijiti cha mvinje kilichokuwa kinamchoma. "Mzee," akasema, "huyu wako yuko tayari. Tumwache mnyama atulie kidogo, kisha apande."

"Kesho," akasema Hamisi. "Leo kaumia."

Rehema akanitazama. Mwanangu, nilitamani kumwinua mtoto yule kwa mikono yangu, nimkalishe juu walau kwa muda wa picha moja. Ndipo swali la babu likanijia kwa sauti yake ileile: nimekuja kumwombea Hamisi farasi, au nimekuja kuomba Sudi ashushwe? Nikayafuta maneno niliyoandika. Tukarudi nyumbani. Kesho yake alipanda, mwalimu akimwongoza taratibu, na simu ilibaki mfukoni.

Kwa hiyo wewe uliye na mtoto mdogo, usipime utayari wake kwa mkono, kwa urefu, wala kwa mtoto wa jirani. Mtazame akiwa chini, kabla hajapanda. Je, anamwona mnyama, au anajiona yeye tu? Akiambiwa subiri, anasubiri? Akiambiwa shuka, anashuka bila vita? Mtoto wa namna hiyo mpe mwalimu mwangalifu na kofia ngumu, umwache. Na kabla hujampeleka, jiulize wewe mwenyewe unakwenda kuomba nini. Mimi nimejiuliza, na jibu halikunipendeza.

Mwenyezi Mungu awalinde watoto wenu wanapopanda na wanaposhuka, awape macho ya kuona maumivu ya asiyeweza kusema. Amlinde Hamisi wangu. Amlinde na Sudi, ingawa alitangulia.